Shule ya unesi Marekani: mwaka unaoamua ni ule unaotangulia

Dawa ya maji ina miligramu 250 katika kila mililita 5. Daktari ameagiza mgonjwa apewe miligramu 400. Atapewa mililita ngapi?

Jibu ni mililita 8. Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi, na mtu aliyesoma Musoma, Kisii au Bukavu aliifanya mara nyingi akiwa mtoto, kwa kilo za sukari badala ya dawa. Akikutana nayo tena ana miaka 36, imeandikwa kwa Kiingereza, iko kwenye kompyuta inayohesabu dakika, naye ametoka zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee huko Ohio au Minnesota, humtoa jasho. Akiikosa hesabu hiyo na nyingine chache za aina yake, anaweza kukosa nafasi ya kusomea uuguzi ingawa kwa mikono yake amewahudumia wagonjwa kwa miaka.

Makala haya ni kwa ajili yake, na pia kwa ndugu zake walioko nyumbani ambao wamekuwa wakisikia kwenye simu kwamba "naanza shule ya unesi karibuni" bila kujua neno "karibuni" limebeba mambo mangapi.

Anayeuliza kuhusu shule ya LPN huambiwa kwanza kuwa ni ya mwaka mmoja. Kwa programu nyingi ni kweli. Lakini kabla ya mwaka huo kuna mwingine usioandikwa kwenye tangazo la shule yoyote: mwaka wa kusaka vyeti, kuchomwa chanjo, kurudia hesabu, kujisomea Kiingereza cha mtihani na kupanga fedha. Kwa maoni yangu huo ndio unaoamua nani atavaa sare na nani ataendelea kusema "mwaka ujao, Mungu akipenda".

Tuanze na kazi yenyewe. LPN, ambaye katika majimbo ya California na Texas huitwa LVN, ni muuguzi mwenye leseni anayefanya kazi chini ya uangalizi wa muuguzi msajiliwa, yaani RN, au daktari. Nyumbani kwetu tungemweka karibu na nesi wa ngazi ya cheti. Ndiye anayesukuma toroli la dawa asubuhi, anayepima sukari na kudunga insulini, anayesafisha na kufunga vidonda, anayebadilisha mpira wa mkojo, anayeona kwamba mzee wa chumba cha mwisho leo anaongea maneno yasiyoeleweka na jana hakuwa hivyo, akapiga simu kabla hali haijaharibika. Chini yake wako wasaidizi, CNA, wanaoogesha, kulisha na kugeuza wagonjwa wasipate vidonda vya kulalia. Mwajiri wake mkubwa ni nyumba za kulelea wazee. Wengine wako hospitalini, kliniki za madaktari na majumbani mwa wagonjwa.

Kwa takwimu za kazi za serikali ya Marekani za Mei 2024, mshahara wa kati wa LPN ulikuwa dola 62,340 kwa mwaka. Wa CNA ulikuwa takriban dola 39,500, na wa RN dola 93,600. Ukitazama namba hizo tatu utaelewa kwa nini kila CNA makini anaiwaza shule.

Kozi hizi si za jana. Chama cha wanawake Wakristo cha YWCA kilianzisha mafunzo ya namna hii Brooklyn, New York, mwaka 1892, kuwaandaa wanawake kuhudumia wagonjwa, wazee na watoto majumbani. Mwaka 1907 ikafunguliwa shule ya Thompson mjini Brattleboro, Vermont. Mississippi ikawa jimbo la kwanza kutunga sheria ya leseni kwa wauguzi hawa, mwaka 1914. Tangu mwanzo mafunzo yalikuwa mafupi na ya vitendo, na ndiyo maana hata leo yanamfaa mtu mzima mwenye watoto, kodi ya nyumba na kazi ya kuangalia.

Watu wetu wengi huingilia mlango wa CNA. Sheria ya shirikisho iliyopitishwa mwaka 1987 inataka msaidizi wa nyumba ya wazee apate mafunzo ya saa zisizopungua 75, na majimbo yanaweza kuongeza. Maine, ambako wakimbizi kutoka Kongo wamepata makazi mjini Portland, inataka saa 180. Mkenya aliyefika Massachusetts kwa bahati nasibu ya viza na Mkongo aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akapelekwa Kentucky hujikuta katika darasa moja la CNA, wakisalimiana kwa Kiswahili wakati wa mapumziko. Mlango huo ni mzuri. Anayefikiria unesi na hajawahi kumwogesha mgonjwa asiyemjua, kumbadilisha pampasi na kumlisha kijiko kwa kijiko, aanze hapo, afanye walau miezi kadhaa, ajijue. Wapo wanaume wa kwetu wanaoificha kazi hiyo kwa marafiki kwa sababu kuna mtu nyumbani atawacheka kwamba wamekwenda ng'ambo kuosha wazee. Wasiifiche. Kumsitiri mzee katika udhaifu wake ni kazi ya heshima kwa mila zetu zote ninazozijua, na mwalimu wa shule ya unesi humtambua mapema mwanafunzi aliyekwisha kuifanya.

Sasa vyeti. Shule itataka uthibitisho kwamba ulimaliza sekondari. Matokeo ya kidato cha nne ya KNEC ya Kenya au NECTA ya Tanzania, au Diplôme d'État ya Kongo, mara nyingi hupelekwa kwanza kwa taasisi inayotathmini elimu ya nchi za nje, nayo huandika ripoti ya kulinganisha na mfumo wa Marekani. Cheti cha Kifaransa huhitaji tafsiri rasmi. Shughuli hiyo hugharimu fedha na hula wiki, wakati mwingine miezi, hasa pale taasisi inapotaka matokeo yatumwe moja kwa moja na baraza la mitihani. Aliyekimbia vita akiacha kila kitu hana karatasi ya kutuma. Kwake njia iliyonyooka ni kufanya mtihani wa GED, ambao hukubaliwa badala ya cheti cha sekondari. Si aibu, na mara nyingine una kasi kuliko kumtuma binamu Uvira akatafute faili katika shule iliyohama mara mbili.

Kuna tatizo dogo kwa sura linalochelewesha watu kuliko jingine lolote: majina. Cheti cha shule kina majina matatu, pasipoti ina mawili, kadi ya ukaazi imeligeuza jina la baba kuwa la ukoo, na leseni ya udereva imekosea herufi moja. Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1 kwa kuwa afisa wa kambi alihitaji tarehe. Siku ya mtihani wa leseni, jina lililo kwenye kitambulisho lazima lilingane na lile ulilojiandikisha nalo. Lisipolingana unarudishwa mlangoni na ada imekwenda. Kaa na hati zako zote mezani leo, zipange, soma kila herufi. Palipo na tofauti, anza kurekebisha sasa, kabla hujajaza fomu ya shule, maana ofisi za serikali hazina haraka na ratiba yako.

Baada ya vyeti ni mwili wako. Hakuna hospitali itakayompokea mwanafunzi wodini bila rekodi ya chanjo: homa ya ini B, surua na matumbwitumbwi na rubela, tetekuwanga, pepopunda, na mafua kila msimu. Chanjo ya homa ya ini B kwa utaratibu wa kawaida huchomwa mara tatu ndani ya miezi sita. Piga hesabu. Aliyepata nafasi Juni kwa masomo ya Agosti, na hajachomwa hata sindano ya kwanza, tayari amechelewa. Kama ulichanjwa utotoni na kadi imepotea, muulize daktari kuhusu kipimo cha damu kinachoonyesha kinga; huenda kikakuepusha kurudia zote.

La kifua kikuu linahitaji maelezo yake, kwa sababu linawatia hofu watu wetu bure. Wengi wetu tuliozaliwa Afrika Mashariki tulichomwa chanjo ya BCG tukiwa wachanga; alama iko mkononi. Ukipimwa kwa ile sindano ya ngozi ya mkononi, ngozi inaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, na ukaambiwa kipimo kimesoma chanya. Usikimbie, usikate tamaa. Mwambie mhudumu kwamba ulichanjwa BCG, omba kipimo cha damu ambacho hakichanganywi na chanjo hiyo. Kikisoma chanya nacho, utapigwa picha ya kifua, na kama hakuna ugonjwa wenyewe utaelezwa dawa za kuzuia. Hilo halifungi mlango wa unesi.

Utachukuliwa alama za vidole pia, na rekodi yako ya polisi itatazamwa. Kosa la zamani si lazima likuangushe, lakini fomu ikiuliza, jibu kweli. Bodi za uuguzi za majimbo, zinazotoa leseni, huliona kosa lililofichwa kuwa baya kuliko lililotajwa.

Nirudi kwenye hesabu na Kiingereza, maana hapa ndipo mwaka wa maandalizi unapotumika kwa faida au unapopotea. Shule nyingi hutumia mtihani wa kuingilia uitwao TEAS. Una maswali 170 ya kusoma na kuelewa, hesabu, sayansi na lugha, kwa dakika 209. Gawanya mwenyewe: ni kama dakika moja na robo kwa swali. Mtu anayejua jibu lakini anasoma kila sentensi mara mbili, kwanza kwa Kiingereza na kisha akilini kwa Kiswahili, hataumaliza. Kasi ya kusoma haiji kwa wiki mbili. Huja kwa kusoma kila siku, miezi sita na zaidi, habari za afya, sura za kitabu cha mwili wa binadamu, maelezo yaliyo ndani ya boksi la dawa. Maktaba za umma ni bure na nyingi zina vitabu vya maandalizi ya TEAS. Wengi wetu tuna Kiingereza cha kuongea kinachotosha kazini, tukadhani kitatosha na darasani. Hakitoshi, na ni heri kulijua hilo mapema, ukajiandikisha madarasa ya Kiingereza ya watu wazima kuliko kulijua siku ya matokeo.

Kwenye hesabu jifunze sehemu, desimali, asilimia, uwiano na kubadili vipimo. Mmarekani hupimwa kwa pauni, dawa hupimwa kwa kilo: mgonjwa wa pauni 154 ana kilo 70, kwa sababu unagawanya kwa 2.2. Dripu ya mililita 1,000 kwa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 15 kwa mililita, inakwenda matone 31 kwa dakika. Aliyesoma Kongo, Burundi au kwingine kwenye mfumo wa Kifaransa ana mtego wa ziada. Shuleni alifundishwa kuandika nusu kwa mkato, 0,5. Marekani huandika kwa nukta, 0.5, na mkato hutenga maelfu. Mtu aliyezoea mfumo mmoja anaweza kusoma 1,250 kama moja na robo. Katika hesabu za benki atagundua kosa. Katika dawa kosa hilo linaua. Ndiyo sababu wauguzi hufundishwa kuweka sifuri mbele ya nukta, 0.5, na kamwe wasiandike 5.0 wakimaanisha 5, maana nukta ikififia mgonjwa atapewa 50. Anza kuandika hivyo leo, hata kwenye orodha ya sokoni, mpaka mkono uzoee.

Ukiwa tayari kuchagua shule, swali la kwanza lisiwe ada. Liwe hili: Bodi ya Uuguzi ya jimbo imeiidhinisha? Kila bodi ina orodha, na iko wazi kwa yeyote. La pili: wahitimu wake wangapi hufaulu mtihani wa leseni kwa mara ya kwanza? Majimbo mengi huchapisha asilimia hizo shule kwa shule. Ukiuliza swali hilo ofisini ukajibiwa kwa kuzungushwa, ondoka.

Nasisitiza kwa sababu ya yaliyotokea Florida. Januari 2023 waendesha mashtaka wa serikali kuu walitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 katika mpango wa kuuza diploma za uuguzi, za RN na za LPN. Shule tatu za kusini mwa jimbo hilo zilitoa diploma bandia zaidi ya 7,600. Majimbo yakaanza kuwasaka na kuwafutia leseni waliozinunua. Kila jumuiya ya wahamiaji ina mtu anayenong'ona kwamba anajua shule isiyo na usumbufu, unalipa elfu kadhaa, unapata karatasi, unakwenda kufanya mtihani. Anayekuambia hivyo anakuuzia kesi. Na hata usipokamatwa, fikiria mama yako mzazi amelala kitandani, na anayemdunga insulini hajawahi kufundishwa.

Kuhusu ada, tofauti ni kubwa mno. Chuo cha jamii kinaweza kutoza elfu chache za dola kwa mkazi wa jimbo, ilhali shule ya binafsi ya kibiashara inaweza kupita elfu ishirini kwa cheti kinacholeta leseni ileile. Chuo cha jamii kina foleni. Shule ya binafsi inakuita kesho. Ushauri wangu ni kupanga foleni, na kuitumia foleni hiyo kujiandaa. Mwenye uraia au kadi ya ukaazi wa kudumu, na mkimbizi aliyepokewa rasmi, ajaze fomu ya msaada wa masomo ya serikali kuu, FAFSA. Ruzuku ya Pell, isiyorudishwa, ilifika hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–25. Baadhi ya nyumba za wazee hulipia wafanyakazi wao shule kwa makubaliano ya kurudi kazini. Soma mkataba mpaka mstari wa mwisho kabla ya kusaini.

Masomo yakianza hayana huruma na mahudhurio. Siku za mafunzo kwa vitendo wodini mara nyingi huanza kabla ya saa moja asubuhi, na kukosa siku chache tu kunaweza kukutoa darasani. Kwa hiyo swali la nani atampeleka mtoto shule, na nani atakaa naye akiugua, lijibiwe kabla ya siku ya kwanza, kwa jina la mtu na wa akiba wake. Kufanya zamu nne za usiku kwa wiki huku unasoma programu ya kutwa ni jambo ambalo watu hulianza kwa ujasiri na wengi huliacha wakiwa wamefeli somo la dawa. Weka akiba ili ukiwa shuleni ufanye zamu mbili.

Mwisho wa yote ni mtihani wa kitaifa wa leseni, NCLEX-PN. Ada yake ni dola 200. Kompyuta hukuuliza kati ya maswali 85 na 150 ndani ya saa tano, ikipandisha na kushusha ugumu kulingana na majibu yako, kisha husimama yenyewe ikisharidhika. Ukishindwa unasubiri siku zisizopungua 45 ndipo ujaribu tena. Mtihani huu haufanani na ile ya "taja" na "eleza" tuliyokulia. Unapewa wagonjwa wanne: mmoja analalamika maumivu ya goti, mmoja anataka dawa ya usingizi, mmoja amekataa chakula, na mmoja ameanza kuhema kwa shida. Nani utamwona kwanza? Wote wanahitaji huduma na kila jibu lina ukweli ndani yake, lakini anayehema kwa shida hawezi kusubiri. Aliyezoea kukariri huumia hapa. Dawa yake ni kujizoeza mapema kuuliza "kwa nini" badala ya "nini", hata ukiwa bado CNA: kwa nini mzee huyu hanywi maji usiku, kwa nini nesi amezuia kidonge cha presha leo? Waulize wauguzi unaofanya nao kazi. Wengi hupenda kueleza, na huko ndiko kujiandaa kusikolipiwa ada.

Wapo watakaosema LPN ni kituo tu cha kuelekea RN, kwa hiyo mtu aruke moja kwa moja. Mwenye nafasi, umri na fedha aruke. Lakini sikubali kwamba LPN ni muuguzi nusu. Katika nyumba nyingi za wazee usiku wa manane ndiye muuguzi aliye karibu na kitanda, na daraja la kwenda RN lipo kwa anayelitaka baadaye, huku akiwa analipwa.

Neno langu la mwisho ni kwenu mlioko Mwanza, Kakamega, Goma na Lamu wenye dada au kaka anayejiandaa na shule hii. Tofauti ya mshahara kati ya CNA na LPN, kwa takwimu nilizotaja, inapita dola 22,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Ndugu yenu hawezi kuifikia akiwa kila mwisho wa mwezi anachukua zamu ya ziada kwa ajili ya mchango wa harusi, wa msiba na wa bati la shangazi uliotangazwa kwenye grupu la WhatsApp. Kaeni kikao, mmwambie waziwazi kwamba kwa miaka hii miwili, wa kujiandaa na wa kusoma, hatadaiwa chochote isipokuwa dharura ya uhai. Na mkimwahidi hivyo, mtimize.